Jokofu Langu Lililosafiri Chali

Mwezi Juni mwaka 2019, katika sebule tupu ya nyumba ya kupanga huko Chang'ombe, Dodoma, nilichomeka plagi ya jokofu kwenye soketi, taa ya ndani ikawaka, nami nikapiga vigelegele peke yangu. Mlio uliofuata haukuwa ule niliouzoea kwa miaka minne. Kitu kiligonga ndani, ngo, ngo, kama kijiko kilichosahauliwa kwenye sufuria inayochemka, kisha ukaja mngurumo mzito wa sekunde chache, kisha "tik", kisha kimya. Baada ya dakika kadhaa mngurumo ulirudi na kukatika tena kwa "tik" ileile. Nilikaa sakafuni nikisikiliza hali hiyo mpaka giza likaingia, nikijidanganya kwamba mashine imechoka na safari na kwamba itazoea.

Tangu wakati huo nimehama mara ya pili na jokofu lilelile, nalo likafika salama. Safari ya kwanza ilikuwa ya kilomita zaidi ya 400 na ya pili ilikuwa ya kutoka mtaa mmoja hadi mwingine, hilo sitalificha. Lakini kila kosa lililoniumiza katika ile ya kwanza lingeweza kuniumiza hata kama ningehamia nyumba ya tatu kutoka nilipokuwa. Barabara haikuniharibia kitu peke yake. Niliharibu mimi, kwa haraka ya kabla ya kuondoka na haraka ya baada ya kufika.

Nianze na thamani ya kitu chenyewe, maana wengine watashangaa mtu kuandika kurasa nzima kuhusu friji. Tulipokuwa tukiishi Tandika, Dar es Salaam, jokofu lile ndilo lililokuwa duka langu. Nililinunua mwaka 2015 kwa shilingi 780,000 baada ya zamu yangu ya upatu kufika, la milango miwili, friza juu na sehemu ya kawaida chini. Humo niligandisha barafu za ubuyu na za ukwaju kwa ajili ya watoto wa shule, na humo nilipoza maziwa mtindi niliyouza kwa glasi. Kwa siku nilibakiwa na faida ya shilingi 8,000 hivi, na siku za joto kali zaidi ya hapo. Mume wangu ni mtumishi wa umma. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma baada ya tangazo la mwaka 2016, wizara yake nayo ikahama, akatangulia. Sisi tukabaki tukisubiri likizo ya Juni ili watoto wasikatishwe masomo.

Nilipata Fuso lililokuwa linarudi Dodoma likiwa na nafasi, tukakubaliana shilingi 450,000 kwa mizigo yote. Dereva alipolitazama jokofu aliniambia jambo ambalo, nikilikumbuka leo, lilikuwa la kiungwana kabisa: "Mama, hili likisimama linakula nafasi ya makochi, na itabidi tulifunge peke yake. Ongeza hamsini." Nilikataa. Nilimwambia kwamba bei tumeshapatana na kwamba yeye ndiye atakayejua namna ya kupanga mizigo yake. Akainua mabega na kusema, "Basi tutalilaza." Hapakuwa na mtu pale uani aliyepinga, si utingo, si vibarua, si majirani waliokuja kuniaga, kwa kuwa sote tumeshaona majokofu yakipita barabarani yamelala juu ya magari kama magunia ya mkaa, tukadhani ndivyo inavyofanyika.

Kuhusu maandalizi ya asubuhi ile sina cha kujitetea. Jokofu lilikuwa likifanya kazi mpaka zilipobaki saa mbili gari lifike, kwa sababu nilitaka kuuza barafu za mwisho. Friza lilikuwa na theluji yenye unene wa vidole viwili. Mpwa wangu, kijana mwenye nia njema na mikono mizito, alichukua kisu cha jikoni akaanza kuichokonoa ili tumalize upesi, nami nilikuwa nafunga masanduku na sikumwona mpaka kisu kilipoteleza na kuacha mkwaruzo mrefu kwenye ukuta wa friza. Hapo niliponea chupuchupu. Nyuma ya ukuta ule mwembamba hupita mirija ya gesi, na ncha ya kisu ikiupenya mrija, gesi yote huondoka kwa mlio wa nyoka na jokofu linageuka kabati. Nimelishuhudia hilo baadaye kwa jirani yangu wa Dodoma, ambaye hakuwa hata anahama, alikuwa anataka tu kutoa kipande cha nyama kilichoganda. Majokofu mengi mapya, kama lile la jirani, hutumia gesi iitwayo R600a ambayo inashika moto, na nyuma yake huwa na kibandiko cha pembetatu chenye alama ya mwali. Kiasi chake ni kidogo, kwa kawaida makumi ya gramu tu, lakini ukisikia mlio huo fungua madirisha, usiwashe jiko wala kiberiti, wala usiguse swichi yoyote mpaka hewa ipite.

Kwa kuwa theluji haikuisha, tulilifuta jokofu juujuu na kulipakia na barafu yake. Sikutoa vioo vya rafu. Sikujua kwamba nyuma, juu ya kompresa, yaani ile pampu ya gesi yenye umbo la chungu cheusi, kuna kitrei kidogo kinachopokea maji yanayotiririka kutoka ndani, nacho kilikuwa kimejaa. Tulipolilaza chali juu ya magodoro maji yale yote yakamwagika, mengine yakaingia kwenye godoro la watoto na mengine kwenye nyaya. Halafu, kwa kuwa mlango wake sasa ulikuwa umetazama juu kama meza, utingo akapanga juu yake viti vya plastiki na furushi la mapazia. Nilitazama kazi ile nikaona imekaa vizuri.

Gari liliondoka saa kumi jioni, likalala Morogoro, likafika Dodoma kesho yake saa tisa alasiri. Ukihesabu, jokofu langu lililala chali kwa saa 23, likirushwa na kila tuta kuanzia Tandika, kupitia Chalinze, Dumila, Gairo na Kibaigwa.

Mimi na watoto tulipanda basi la alfajiri, na hapa ndipo linapoingia jambo la samaki. Dodoma ni mbali na bahari, na nilikuwa nimemwahidi mume wangu kwamba atakula samaki aina ya changu kwa mwezi mzima. Siku ya kuamkia safari nilikwenda soko la Feri, nikanunua kilo 9 kwa shilingi 8,000 kila kilo, nikawapanga kwenye deli lenye barafu nikalibeba kwenye basi. Tulipofika barafu ilikuwa imebaki vipande vinavyoelea. Fuso lilipoingia uani nilikuwa na wazo moja tu kichwani, nalo lilikuwa samaki. Niliwaamuru vibarua washushe friji kwanza kabla ya kitanda, nikalifuta vumbi, nikalisukuma mpaka likagusa ukuta, na haikupita nusu saa plagi ilikuwa kwenye soketi.

Kilichofuata nimeshakisimulia. Usiku ule nilikaanga samaki kilo 9 kwa jiko la mkaa lililoazimwa, na nikawatuma watoto wapeleke sahani kwa kila mlango. Majirani wangu wa Chang'ombe walinifahamu kwa ukarimu ambao sikuwa nimeupanga, na sikuwa na ujasiri wa kuwaeleza chanzo chake. Mume wangu nilimweleza kwamba umeme wa huku unaonekana kuwa mdogo. Aliniamini kwa siku mbili.

Siku ya tatu nilimwita fundi wa kwanza niliyeelekezwa. Alikuja na mtungi wake, akaweka mkono kwenye friza, akasema gesi imeisha kwa sababu ya safari. Hakupima kitu chochote. Hakuisikiliza hata kompresa. Akaongeza gesi, akachukua shilingi 60,000, akaniambia nisubiri hadi kesho. Kesho hakukuwa na baridi. Nilipopiga simu alisema labda kuna uvujaji na kwamba nimwandalie nyingine 60,000. Ni kosa langu pia, kwa sababu nilikuwa nimeshaisikia kompresa ikigonga na kukata, na sikumwambia. Nilidhani mgonjwa hapaswi kumfundisha daktari. Sasa najua kwamba fundi anastahili kuelezwa kila kitu: jokofu limelala kwa muda gani, limelala kwa upande upi, limewashwa baada ya muda gani, na limetoa mlio gani. Fundi asiyeuliza maswali hayo kabla ya kufungua mtungi wake, mshukuru kwa kufika na umsindikize mlangoni.

Fundi wa pili alikuwa mzee ambaye nilimwamkia shikamoo kabla hajaweka mfuko chini. Aliuliza maswali hayo yote. Nilipomwambia "chali, saa 23, nusu saa," alikaa kimya kidogo akasema, "Mwanangu, umeliamsha kabla halijapata fahamu." Akachomeka plagi, akasikiliza mara mbili, akachomoa. Akapima nyaya za kompresa, akanieleza kwamba mota imeng'ang'ania na haizunguki. Ile "tik" ilikuwa kinga inayokata umeme mota inapovuta mkondo mkubwa bila kuzunguka, na bila kinga hiyo ningekuwa nimeshanusa harufu ya kuungua.

Kompresa mpya, chujio jipya, kulehemu, kunyonya hewa kwenye mirija na kujaza gesi upya vilinigharimu shilingi 260,000. Chujio alilisisitiza: mfumo ukishafunguliwa, chujio la zamani halirudishwi, kwa sababu limeshavuta unyevu wa hewa, na kompresa mpya lazima ilingane na gesi iliyoandikwa kwenye kibandiko cha nyuma, ambayo kwangu ilikuwa R134a. Nilikaa bila biashara siku 19. Nikijumlisha fundi wa kwanza, fundi wa pili, samaki wa 72,000 na faida ya siku 19, napata shilingi 544,000. Nilikuwa nimekataa kuongeza 50,000.

Yule mzee alifanya jambo moja ambalo lilinifaa kuliko matengenezo yenyewe. Baada ya kuitoa kompresa mbovu, aliikata kwa msumeno wa chuma pale uani ili nione ndani. Kile chungu cheusi ambacho sote tunakiona nyuma ya jokofu ni ganda tu. Ndani yake mota na pampu vimekaa juu ya springi, havikushikwa kwa nguvu, na ndiyo maana jokofu zima halitetemeki mashine inapofanya kazi. Chini ya ganda kuna mafuta ya kulainisha. Aliyamimina kwenye chupa ya soda na hayakuijaza. Springi moja ilikuwa imeruka kutoka kwenye kiti chake, na hiyo ndiyo iliyokuwa inagonga. Jokofu linaposimama, uzito wa mota hukaa juu ya springi zote kwa usawa. Likilala, mota yote huning'inia upande mmoja, na kila tuta la barabarani huwa ni nyundo.

Mafuta nayo, jokofu linapolala, huacha makao yake na kutiririka kwenye mirija. Ukiwasha kabla hayajarudi, mambo mawili hutokea kwa pamoja: pampu inazunguka ikiwa kavu, na mafuta yaliyoingia mahali pa gesi yanagoma kubanwa. Gesi inabanwa, maji na mafuta hayabanwi. Vile vibamba vyembamba vinavyofungua na kufunga njia ya gesi ndani ya pampu huvunjika kwa mshindo huo. Mafuta mengine husukumwa mpaka kwenye ule mrija mwembamba kama sindano unaopeleka gesi kwenye friza, yakauziba, na hapo hata kompresa nzima haisaidii. Ndiyo maana tunaambiwa tusubiri. Mafuta ni mazito na yanashuka taratibu, na katika mirija yenye kona nyingi hayana haraka yoyote na samaki wako.

Nilimuuliza muda kamili. Alisema kwamba jokofu lililosafiri likiwa wima lipumzishwe saa 4 kwa uchache; lililolala lisimame kwa muda usiopungua ule lililolala, na likiwa limelala nusu siku au zaidi, lipewe saa 24 kamili. Nikamuuliza itakuwaje kama hakuna njia isipokuwa kulilaza. Alichukua chaki, akanionyesha mabomba mawili makuu yanayotoka kwenye kompresa. Moja ni jembamba, ndilo linalopeleka gesi ya moto kwenye wavu wa nyuma. Jingine ni nene kidogo na huwa la baridi, ndilo linaloirudisha. Likilazwa, lilazwe kwa ubavu, na ule ubavu ambao utaliacha bomba jembamba likitoka juu ya kompresa, ili mafuta yasilifuate. Chali hapana, kwa sababu wavu wa mabomba wa nyuma hubeba uzito wote, na kifudifudi hapana, kwa sababu mlango na bawaba zake hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Alichora mshale nyuma ya jokofu kuonyesha upande unaopaswa kuwa juu. Majokofu hayafanani, kwa hiyo mshale wangu usikuongoze wewe. Mwombe fundi akuchoree wako, au soma kitabu kilichokuja na jokofu kama hukukigeuza kuwa kifungio cha karanga.

Mwaka 2023, mwezi Agosti, mwenye nyumba alitaka nyumba yake, nasi tukapata nyingine Ilazo. Safari hii nilijipangia siku 3 kwa ajili ya jokofu peke yake, na mume wangu alinicheka kwa kusema kwamba bibi harusi hapewi muda kama huo.

Kwanza nilipima milango. Jokofu lilikuwa na upana wa sentimita 60, na kina chake pamoja na mshikio kilikuwa 68. Mlango wa nyumba mpya ulipitisha 75, lakini lile geti la chuma la nje lilifunguka nusu tu kwa sababu ya kiguzo cha baraza, na hapo palibaki 62. Kwa hiyo lingepita kwa namna moja tu, mgongo ukitangulia. Ningeligundua hilo vibarua wakiwa wamelibeba, pengine tungeliinamisha hivi na vile mpaka likaanguka. Futi ya fundi cherehani ilitosha kabisa kwa kazi hiyo.

Siku mbili kabla nilipunguza vyakula, nikagawa vingine. Siku moja kabla, asubuhi, nilichomoa plagi, nikaacha milango yote wazi, nikaweka ndani ya friza sufuria ya maji ya moto juu ya kitambaa kilichokunjwa, nikatandika matambara chini. Kufikia saa kumi jioni theluji yote ilikuwa imeanguka yenyewe, bila kisu. Nilisafisha kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi kidogo ya kupikia, nikakausha, nikaiacha milango wazi usiku kucha ili unyevu uishe, kwani jokofu likifungwa likiwa na unyevu hutoa harufu ambayo hata limau haliiondoi. Kitrei cha nyuma nilikikausha kwa sponji. Vioo, droo na trei za mayai nilivitoa, nikavikunja ndani ya kanga na kuviweka kwenye ndoo ambayo niliibeba mwenyewe mapajani.

Milango niliifunga kwa vitambaa vya shuka kuukuu. Watu wengi hutumia gundi ya karatasi au ya plastiki; mimi niliwahi kuijaribu nikiwa Tandika, na jua likaiyeyusha mpaka ikang'oa rangi. Kitambaa kisikazwe sana, maana raba ya mlango ikibanwa siku nzima hujikunja, na baadaye mlango unapitisha hewa. Raba ikikunjika, inyooshwe kwa kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya moto, itarudi polepole. Waya niliuviringisha na kuufunga nyuma, plagi ikiwa ndani ya soksi, kwa sababu plagi inayoburuzwa hupinda meno.

Nilikodi kirikuu kwa shilingi 40,000 na vibarua watatu kwa 10,000 kila mmoja. Dereva aliponiuliza kama tulilaze ili lisipate upepo, nilimwambia kabla hajamaliza sentensi kwamba litasimama, na kwamba gharama ya kusimama kwake imo ndani ya bei tuliyopatana. Nilikuwa nimempigia simu siku moja kabla kumweleza hivyo, jambo ambalo ningependa kila mtu alifanye, kwa sababu ukisubiri mpaka mizigo iko barabarani, mwenye gari ndiye anayeamua.

Vibarua nao niliwapa masharti. Anayeshika ashike chini kwenye fremu, si mshikio, si wavu wa nyuma, si mabomba ya kompresa. Wawili wawe upande wa chini linapoinamishwa, mmoja upande wa juu akiongoza, na lisiinamishwe kupita nusu ya njia ya kulala. Sakafuni hatukulisukuma kwa miguu yake; tuliingiza blanketi chini na kulivuta taratibu, na vigae vya mwenye nyumba havikupata hata mkwaruzo. Kijana mmoja alicheka akasema, "Mama, hili friji lina mimba?" Nikamjibu kwamba mimba iliharibika mwaka 2019.

Ndani ya kirikuu lilisimama likiegemea ukuta wa kabini, mgongo wake ukiwa umekingwa kwa godoro, na kamba mbili za manila zikipita kwa kupishana mbele yake, kila mahali kamba inapogusa kona kukiwa na kipande cha boksi. Kasoro moja sikuifikiria: kirikuu ni kifupi, lakini jokofu lililosimama juu yake lina urefu wa mtu aliyepanda mezani, na katika vichochoro vya Chang'ombe nyaya za umeme za kuingia majumbani hulegea. Tulisimama mara mbili, kibarua akashuka kutazama kama tunapita. Mara ya pili hatukupita, ikabidi turudi nyuma na kuzunguka. Kwenye matuta dereva alikwenda mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Tulitumia dakika 50 kwa safari ambayo pikipiki huimaliza kwa robo saa.

Tulipofika tulilipeleka moja kwa moja mahali pake, nikaacha upenyo wa sentimita 10 kati ya mgongo na ukuta, kwa kuwa wavu wa nyuma unatoa joto na joto lisilo na pa kwenda huirudia kompresa. Nikazungusha vijiguu vya mbele mpaka mlango ukawa unajifunga wenyewe ukiachiwa nusu, maana yake limelalia nyuma kidogo sana. Soketi niliyochagua ni ya ukutani, si ya waya wa kuunganishia, na kati ya soketi na plagi niliweka kile kifaa cha kulinda friji ambacho hukata umeme ukipanda au ukishuka mno, na umeme ukirudi hungoja dakika chache kabla ya kuuruhusu kupita. Dakika hizo zina maana yake: kompresa ikizimika ghafla, gesi upande mmoja hubaki na shinikizo kubwa kuliko upande wa pili, na ikiwashwa papo hapo mota hulazimika kuanza ikiwa imebebeshwa mzigo. Kwa asiye na kifaa hicho, dakika 5 za kungoja baada ya umeme kurudi hazigharimu kitu.

Kwa hesabu ya mzee wangu saa 4 zingetosha, kwa kuwa halikulala. Tulifika saa saba mchana, hivyo saa kumi na moja jioni ningeweza kuliwasha. Sikuliwasha. Niliifunga plagi kwa kipande cha kanga, nikafunga fundo, nikaendelea kupanga vyombo.

Saa mbili usiku mume wangu aliingia na lita 3 za maziwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye jokofu, akaiona plagi imevishwa kanga, akanitazama. Hakuuliza kitu. Aliweka maziwa kwenye sufuria, akaitia sufuria kwenye beseni la maji, akafunika kwa kitambaa kilichoroweshwa, kama mama yake alivyokuwa akifanya.

Asubuhi saa moja nililifungua fundo na kuchomeka plagi, jokofu likiwa tupu na milango imefungwa. Mngurumo ulikuwa mwepesi, bila kugonga na bila "tik". Baada ya robo saa niligusa wavu wa nyuma nikaukuta una joto, kama inavyopaswa. Niliweka glasi moja tu ya maji ndani na kuliacha lifanye kazi mpaka mchana; saa saba maji yalikuwa ya baridi kiasi cha kuuma meno, na hapo ndipo nilipoanza kuingiza vyakula, vichache vichache, nikimalizia na mifuko ya ukwaju kwenye friza. Ilikuwa imeganda kesho yake kabla watoto wa Ilazo hawajatoka shule.